Jina la Pili Kwenye Orodha

Kituo cha Ziara za Raia
Nairobi
13 Januari 2025

Kwa Bi. Gesare Nyasani,
Katibu, Kikundi cha Akina Mama cha Birongo

Mama Gesare,

Habari yako na habari za Birongo. Naomba radhi kwa kunyamaza tangu mwaka jana. Nilipasuliwa nyonga mwezi wa Septemba, nikapelekwa nyumbani Kendu Bay kupona, na muda huo wote hakuna aliyegusa faili zangu. Nimerudi mezani wiki iliyopita. Lenu nimelifungua kwanza kwa sababu wewe ndiwe mwandishi pekee ambaye huniuliza hali kabla ya kuuliza tarehe.

Ziara yenu bado inawezekana. Napendekeza Alhamisi, 10 Aprili. Saa tatu asubuhi tutaanza na Bunge, kisha tutaona jengo la Mahakama ya Juu, tuingie Jumba la Nyaraka, na mwisho tupande juu ya jumba la mikutano mwone mji wote kwa mara moja. Nahitaji orodha ya wageni kwa barua yenye muhuri wa kikundi. Ukiwa na swali, namba yangu ya simu iko chini.

Na binti yako anaendeleaje?

Wako,
J. Oketch, Mratibu wa Ziara


Birongo
20 Januari 2025

Mzee Oketch,

Pole sana kwa upasuaji. Hapa tulikuwa tumedhani ofisi imetusahau. Naona tarehe 10 Aprili inafaa, maana mahindi yatakuwa yamekwisha kupaliliwa. Nimeambatanisha orodha ya wanachama ishirini na wanne, kama ilivyo kwenye daftari letu, na muhuri uko chini. Simu yangu ina shida ya sauti, kwa hiyo tuendelee kwa barua.

Umeuliza kuhusu binti yangu. Anaitwa Bonareri, amemaliza kidato cha nne. Yuko hapa nyumbani na mimi. Haongei sana na watu lakini jioni tukiwa jikoni tunaongea mengi. Hunisomea magazeti ya zamani huku nikimenya ndizi. Nafurahi kwamba yupo.

Je, mguu unauma ukitembea?

Wako,
Gesare Nyasani, Katibu


Birongo
22 Januari 2025

Mpendwa Joyline,

Natumaini mafunzo ya ukuruti huko Gilgil hayajakumaliza. Nakuandikia barua kwa kuwa mama yako alisema simu zenu zilichukuliwa siku ya kwanza. Ni afadhali, kwa sababu jambo hili nisingeweza kulisema kwa simu.

Wiki iliyopita nilienda kuchukua barua za kikundi kwenye sanduku la shule ya msingi. Mwenyekiti, Mama Ian, ndiye aliyenituma. Tangu mama afariki, yeye hunituma vitu ambavyo mama alikuwa akivifanya. Nilikuta barua ya mama. Jina lake lilikuwa juu, limepigwa chapa vizuri. Ndani yake mzee mmoja wa Nairobi, anayepanga ziara za watu kwenye majengo ya serikali, anamwuliza habari yake.

Joyline, ni miezi minne sasa. Hapa watu wakimtaja hupunguza sauti. Wanasema marehemu, kisha wananitazama kama nitaanguka. Huyu mzee aliandika tu, "Habari yako." Hajui. Nilikaa na hiyo barua siku nne, halafu nikaijibu kwa jina la mama. Niliandika kwamba jioni jikoni tunaongea mengi na kwamba binti yake humsomea magazeti, kisha nikatia sahihi yake. Unajua mwandiko wetu unafanana, nilijifunzia kwenye daftari lake la kikundi.

Mama Ian nilimwambia tu kwamba ziara imekubaliwa. Akasema, "Basi andika wewe, mwanangu, hizo ni kazi za kalamu."

Nyumbani niko peke yangu. Nyanya yuko ng'ambo ya shamba na hasikii vizuri. Baba yuko Ogembo kwa nyumba yake ile nyingine. Usimwambie mtu.

Rafiki yako,
Bonareri


Kituo cha Ziara za Raia
Nairobi
3 Februari 2025

Mama Gesare,

Orodha yako imenichekesha, na sikuwa nimecheka tangu hospitali. Mama Ian, Mama Haron, Mama Manasseh, Mama Pacha. Mimi ni mtu wa Kendu Bay, najua tunaitana hivyo, lakini askari wa langoni hatanielewa. Anataka majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba zake, na siku yenyewe kila mtu amwonyeshe kadi. Jina kamili lililomo ni lako peke yako. Naomba uniletee orodha nyingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Umeuliza kuhusu mguu. Nitakuambia kwa sababu wewe ni mtu mzima mwenzangu na uko mbali. Unauma. Kazi yangu ni kutembea kinyumenyume mbele ya wageni nikiwaeleza jengo, na siku hizi nahesabu kila ngazi. Nikifika zile ndefu nawatuma wageni na kijana wa ofisi, nasema napokea simu. Mkubwa wangu hajui. Christabel, binti yangu, hajui pia. Angenirudisha nyumbani kesho. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na sijui mtu hukaa nyumbani akifanya nini.

Nimefurahi kusikia juu ya Bonareri na magazeti. Mwambie nimemsalimu.

Wako,
J. Oketch


Gilgil
9 Februari 2025

Bona,

Barua yako nimeisomea chooni kwa sababu hapo ndipo hakuna afande. Miguu yangu ina malengelenge, nimekonda, na naimba nyimbo za kukimbia hata usingizini. Jana mwenzangu anayeitwa Gentrix alizimia kwenye gwaride, na alipoamka akauliza kama chakula kimeisha. Ndiyo maisha yetu.

Sasa wewe. Sijui nikuambie nini. Moyo wangu uliuma, halafu nikakasirika kidogo. Eti jioni mnaongea mengi jikoni? Mimi nimekula kwenu tangu darasa la nne. Mama Gesare alikuwa mtu wa "umelisha ng'ombe?" na "funga huo mlango, kuku wanaingia." Alikuwa mama mzuri aki, lakini maneno hayakuwa yake. Na gazeti mliliona wapi nyumba ile isipokuwa lile la kufungia sukari?

Sikusemi. Naelewa. Lakini mwambie huyo mzee mapema. Kadiri unavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu, kama ile siku tulivunja dirisha la maabara.

Joyline, kuruti namba 0417


Birongo
18 Februari 2025

Mpendwa Joyline,

Pole kwa malengelenge. Paka mafuta ya ng'ombe ukiyapata.

Uliyoyasema ni kweli, lakini nilikuwa nimeshamwandikia tena kabla barua yako haijafika. Mzee alirudisha orodha. Niliandika majina kama tunavyoitana, na askari wa Bunge hawamjui Mama Pacha ni nani. Kwa hiyo nililazimika kwenda nyumba kwa nyumba. Unanijua. Kwa nyumba ya kwanza nilisimama kwenye ua mpaka mbwa akazoea.

Kumbe nimeishi miaka kumi na minane na watu nisiowajua majina. Mama Ian ni Nyamoita Bosire. Mama Haron ilibidi atafute kitambulisho chini ya godoro, na mume wake akakichukua akasoma, akasema, "Kumbe wewe ni Prisca?" Mama Haron akamjibu, "Miaka thelathini umekuwa ukiniita 'wewe', sasa umejua." Mama Pacha alisema jina lake la kitambulisho halipendi, lilikuwa la shangazi mmoja mgomvi, akaniomba niandike herufi ya kwanza tu. Nilikataa, na nilishangaa kusikia sauti yangu ikikataa. Kila mahali nilipewa chai. Sijawahi kuingia nyumba nyingi hivyo tangu mazishi, na siku ya mazishi watu ndio waliokuja kwetu.

Nikamaliza ishirini na watatu. Jina la pili, mahali pa katibu, niliacha mama. Niliandika na namba.

Kitambulisho chake ninacho. Baada ya mazishi chifu alikitaka, nikasema kimepotea. Changu mimi bado. Nina ile karatasi ya kusubiri tu, na Mzee alisema langoni wanataka kadi yenyewe. Mimi si mwanafunzi tena wa kwenda na sare, na si mtu mzima bado. Lakini wote husema nimemtoa mama uso. Picha yake ni ya zamani, akiwa na umri kama wangu. Nafikiri nitaenda kwa kadi yake. Nitamwona Mzee Oketch, nitamsikia akieleza, na sitasema kitu. Nitarudi.

Katika barua nilimpa ushauri juu ya siri yake moja, ambayo sitaitaja hata kwako. Nikamwambia pia kwamba Bonareri akipata kozi nitafurahi, na asipopata nitafurahi vilevile, kwa sababu nampenda alivyo. Niliandika hiyo sentensi mara mbili nione inavyokaa.

Rafiki yako,
Bonareri


Kituo cha Ziara za Raia
Nairobi
3 Machi 2025

Mama Gesare,

Orodha imekubaliwa, wageni ishirini na wanne. Nimeipigia muhuri leo.

Utaratibu ni huu. Mtafika langoni saa mbili unusu. Nitasimama nje na kuita majina kwa sauti, moja moja, kwa mpangilio wa orodha, na kila mtu atapita akionyesha kadi. Nitaanza na mwenyekiti, kisha wewe. Nakiri kwamba ninaisubiri zamu hiyo ya pili. Nimekuwa na wageni wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na ni nadra nikamjua mtu kabla sijamwona.

Ushauri wako wa kazi ya mezani nimeufikiria. Nilikwenda mpaka mlango wa mkubwa wangu nikarudi. Lakini nilikwenda.

Bonareri ana bahati. Mimi wangu sikuwahi kumwambia neno kama hilo ulilosema juu yake. Jumapili nilimpigia simu nikamwambia. Akaniuliza kama ninaumwa.

Wako,
J. Oketch


Gilgil
16 Machi 2025

Bona,

Nakuandikia haraka, taa zinazimwa.

Kadi ya marehemu ni kosa la jela, hilo hata kuruti wa wiki nane analijua. Lakini weka jela kando. Umesema akina mama wanaenda wote? Basi fikiria mlangoni. Lazima wana orodha, na lazima kuna mtu wa kuisoma, si ndiyo? Atasimama pale na kuita, "Gesare Nyasani." Mbele ya wanawake ishirini na watatu waliomwosha, waliomvalisha, waliolala kwenu siku tano wakipika. Halafu wewe ujibu, "Niko hapa." Mama Ian ataanguka hapo hapo kwenye lami. Mama Haron atapiga kelele mpaka mheshimiwa mmoja atoke nje.

Na huyo mzee naye atasimama vipi?

Mimi si mtakatifu, ulinipa majibu ya hesabu mara nne. Lakini hili, Bona, hapana. Mwandikie kwa jina lako.

Joyline


Birongo
24 Machi 2025

Mzee Oketch,

Shikamoo.

Mimi naitwa Bonareri Nyasani. Nina miaka kumi na minane. Mama yangu, Gesare Nyasani, alifariki tarehe 19 Septemba mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, wiki sita kabla ya mtihani wangu. Barua ya Januari na ile ya Februari niliandika mimi. Sahihi niliiga.

Ninaomba unisomee mpaka mwisho.

Sikutaka kukuibia kitu. Barua yako ilipofika, wewe ulikuwa mtu wa pekee duniani ambaye kwake mama alikuwa bado anaendelea. Ulimwuliza habari. Nilifikiri nikikujibu kwa jina langu atakufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakayemwua. Nikajibu kwa jina lake, kisha nikashindwa kurudi nyuma.

Yale ya jikoni hayakuwa kweli. Hatukuwa tunaongea. Mama alikuwa mtu wa kazi na mimi naogopa kuongea, kwa hiyo tulikuwa tukikaa tu. Simu haina shida yoyote. Nashindwa kupiga.

Nilipanga kuja kwa kitambulisho chake. Rafiki yangu amenionyesha nilichokuwa nakwenda kuwafanyia akina mama hapo langoni, na nilichokuwa nakwenda kukufanyia wewe. Ninaomba ufute jina la pili. Usiwanyime wengine ziara; hawajui lolote. Mama Ian ameshonesha gauni.

Mambo ya mguu wako sijamwambia mtu yeyote na sitasema.

Nisamehe.

Bonareri Nyasani


Kituo cha Ziara za Raia
Nairobi
31 Machi 2025

Bonareri,

Nimekasirika, na sitaficha. Nilimwandikia mtu mzima mambo ambayo mtoto wangu mwenyewe hayajui, kumbe yanasomwa na msichana mdogo kuliko mtoto wangu. Nimeona haya mbele ya meza yangu. Kwa siku mbili sikufungua faili lenu.

Jina la pili nimelifuta. Kadi ya mama yako mpelekee chifu leo, usingoje kesho. Wewe mwenyewe siwezi kukuingiza bila kadi, hilo si langu kuamua. Akina mama waje kama tulivyopanga. Sitawaambia kitu.

Usiniandikie tena kwa jina lake.

Pole kwa kufiwa. Nilipaswa kuanza na hilo.

J. Oketch


Birongo
27 Aprili 2025

Mpendwa Joyline,

Hongera kwa kubakiza wiki mbili. Mama yako anasema utarudi umekuwa mrefu, sijui mtu anawezaje kurefuka kwa kukimbia.

Akina mama walikwenda. Niliwasindikiza mpaka kituo cha magari saa tano usiku, nikarudi na mama wa dukani. Kadi nilishampelekea chifu. Aliikata pembe moja kwa makasi, akaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine, akaniuliza iliokotwa wapi. Nilisema haikupotea. Alinitazama, akasema niende.

Siku waliporudi niliitwa kwa Mama Ian kunywa chai na kusikia. Wote walikuwa wakiongea pamoja. Viti vya Bunge ni laini. Sanamu za nje ni kubwa kuliko kwenye noti. Mama Pacha alikataa kupanda lifti ya jumba la mikutano, akasema mwili wake haujawahi kuinuliwa na kitu kisichokuwa na miguu, na Mzee Oketch akakaa naye chini wakila njugu. Walisema ni mzee mpole, mwembamba, anachechemea. Langoni aliwaita wote kwa majina ya kitambulisho. Mama Haron alicheka mpaka askari naye akacheka. Niliuliza alianza na nani. Mama Ian akasema, "Na mimi. Halafu akanyamaza kidogo kama aliyepoteza mstari, akaendelea."

Alikuwa amempa Mama Ian bahasha yangu. Jina langu lilikuwa juu. Nilienda kuifungulia nyumbani.

Hakuandika neno hata moja. Ndani mlikuwa na barua tatu za mama, zile za kweli, za mwaka jana.

Nilizisoma haraka nikitafuta jina langu. Halimo. Yale niliyokuwa nikimwandikia Mzee kwamba mama husema juu yangu hayamo pia, hata nusu yake. Nilijua hayatakuwemo, niliyatunga mwenyewe, lakini bado niliyatafuta. Barua mbili ni za idadi ya watu na mahali gari litakapoegeshwa. Kila moja inaanza kwa kumwuliza hali yake.

Ya tatu ni ya tarehe 22 Julai. Mzee alikuwa amewapa tarehe 8 Agosti, nafasi iko, kila kitu tayari. Mama alimjibu hivi, nakunakilia:

"Agosti hatutaweza. Binti yangu atakuwa likizo na mtihani wake uko karibu. Nataka nikae nyumbani nimpikie, asome bila kutafuta kuni. Tupe mwaka ujao. Wenzangu hawatapenda lakini nitazungumza nao."

Ni hayo tu.

Nakumbuka likizo hiyo. Kila saa nne uji ulikuwa mezani umefunikwa kwa sahani, na yeye hayupo, ameshatoka kwenda kwenye ndizi. Nilidhani ni uji tu. Sikuwahi kumwambia asante kwa sababu hakuwa akisimama pale wa kuambiwa.

Angeuona mji, Joyline. Tarehe nane Agosti alikuwa mzima.

Jana nilimwuliza Mama Ian, kama mtu anayepitisha maneno, kwa nini hawakwenda mwaka jana. Akasema, "Gesare alikataa. Alituambia ana shughuli, basi. Tulimnunia wiki mbili nzima, na mimi ndiye niliyekuwa mkali zaidi. Sijui shughuli gani ile." Alikuwa anakoroga chai. Nilimwangalia mpaka akamaliza kukoroga, na sikumwambia.

Nimekuambia wewe.

Rafiki yako,
Bonareri